Damu ya Bitiruti

Nililia, naye akanicheka. Anzia hapo, kama kweli unataka kujua. Watu wa Bugene huianza hadithi hii wanapopenda wao, na popote wanapoianzia mbaya ni mimi. Sawa, mbaya ni mimi. Lakini sikia kwanza, ndipo uteme mate.

Mwaka ule wa hamsini na tatu nilikuwa mpishi wa mapadri. Nilikuwa mjane, sina mtoto, na kaka yangu Rwegasira alikuwa amenikatia kipande pembeni mwa kibanja chake cha migomba nikajenga nyumba yangu. Evangelina alikuwa binti yake. Mama yake alikufa mapema, kwa hiyo mimi, Adelgunda, shangazi mtu, ndiye niliyemlea. Nilimfunza kumenya ndizi bila kujikata na kusalimia wakubwa akiwa amepiga magoti. Na kwetu shangazi si mtu wa kupuuzwa. Binti haolewi shangazi akiwa amenuna.

Padri Hilari alikuwa na gramafoni. Jumapili baada ya chakula cha mchana aliweka santuri, nami nikiosha vyombo nilimsikia mwanamke wa Kizungu akipiga ukelele mpaka vikombe vinatikisika kabatini. Siku moja nikamwuliza, "Padri, huyu amefiwa na nani?" Akaniambia hajafiwa, anaimba opera. Opera, akasema, ni hadithi ambayo hakuna anayezungumza. Anayeposa anaimba, anayegombana anaimba, hata anayekufa anaimba. Nikamwambia anayekufa hana pumzi za kuimba, mimi nimeuguza, najua. Akacheka mpaka ndevu zikaingia kwenye supu.

Basi akatunga yake, ya Kiswahili, kwa ajili ya sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia. Hadithi yenyewe aliiokota kwetu, kwa wazee, akiuliza uliza na kuandika kwenye daftari. Wachungaji wawili wa milima miwili wanachanjiana. Udugu huo wa kuchanjiana kila mtu Karagwe anaujua. Tunda moja la kahawa lina punje mbili. Kila mmoja anachukua punje yake, anajichanja, anaipaka damu yake, na mwenzake anaimeza kutoka kiganjani mwake. Tangu siku hiyo mama yake ni mama yako na dada yake ni dada yako, kama mmetoka tumbo moja. Huwezi kumnyima, huwezi kumwoa dada yake, na zaidi ya yote huwezi kumkana. Ukimkana, ile kahawa uliyoimeza inavimba tumboni mpaka inakuua.

Katika opera ya Padri, mfalme anatuma askari wamwue mmoja wa wale wawili. Anakimbilia kwa mwenzake, na mwenzake anamficha ndani ya mtumbwi wa kukamulia rubisi, pombe yetu ya ndizi, na kumfunika majani ya migomba. Askari wanafika, wanauliza, "Unamjua?" Naye, ili kumwokoa, anaimba, "Simjui. Sijala naye kahawa." Hapo ngoma inapigwa mara moja, tumbo linaanza kuvimba, na anakufa akiimba, taratibu, karibu nusu saa.

Aliyekana na kufa aliimbwa na Placidius, kaka yake Evangelina, mchuma kahawa mwenye kifua kipana. Aliyefichwa mtumbwini aliimbwa na Cassian, fundi cherehani kutoka Muleba, aliyekuwa na chumba chake cha kushonea karibu na misheni. Na huyo Cassian ndiye aliyekuwa amemposa Evangelina. Posa ilikubaliwa, rubisi ilinywewa, harusi ilipangwa mwezi wa nane. Walipendana wale watoto, sikufichi. Cassian alimshonea gauni kwa kumtazama tu, bila kumpima, na likamkaa.

"Adelgunda, nipatie damu," Padri aliniambia. Nikamwambia nitachinja kuku. Akakataa, hataki harufu. Ndipo nikachimba bitiruti kwenye bustani yake, vile viazi vyekundu walivyokula mapadri peke yao. Evangelina akanisaidia kuvimenya, nikavichemsha kwenye sufuria ya maziwa. Kesho yake maziwa yalitoka na rangi ya waridi na Padri akanigombeza. Maji yale nikayatia kwenye kibuyu kidogo, nikampa Placidius mimi mwenyewe, mkononi. Nakuambia mapema ili usije ukasema nilikuficha. Ilikuwa bitiruti. Duniani hakuna aliyejua hivyo kuliko mimi.

Siku yenyewe uwanja wa kanisa ulijaa pomoni. Watu walitoka mpaka Kimuli. Pazia lilikuwa mashuka ya mapadri. Mke wa yule anayekufa aliimbwa na Mwalimu Egbert, kajifunga kanga na kujaza pamba kifuani, watu wakacheka mpaka wakapaliwa. Mimi nilikaa mbele, mkekani, na Evangelina ubavuni kwangu. Nilijua kila kitu. Nilijua wapi watasimama na wapi wataanguka, maana miezi minne walifanya mazoezi nyuma ya jiko langu.

Lakini Placidius alipoimba "Simjui", ngoma ikapigwa, akashika tumbo, mimi nikavunjika. Mume wangu Elpidius alikufa kwa tumbo. Lilimvimba siku tatu, zahanati mbali, na siku zote tatu hakusema neno. Watu wakanong'ona kwamba lazima kuna ndugu wa kuchanjiana ambaye yeye alimkana. Nilimzika na minong'ono hiyo juu ya kaburi lake. Sasa mbele yangu mtu alikuwa anakufa kifo kilekile, lakini yeye anaimba, anaeleza, anatoa yote yaliyo moyoni, na umati mzima umenyamaza kumsikiliza. Niliumia, na wakati huohuo nikaona wivu kwa ajili ya mume wangu. Nikalia kwa sauti. Nililia kuliko nilivyolia mazishini.

Evangelina akanigeukia. Alikuwa na meno mazuri yule msichana. Akacheka, akasema, na watu wakasikia, "Shangazi, unalilia bitiruti."

Kama angeishia hapo ningemsamehe. Labda. Lakini kesho yake aliwasimulia wenzake kisimani, akaniigiza na kilio changu, na ilipofika Jumatano hata wauza chumvi walikuwa wananiita Mama Bitiruti. Nikamwita, nikamwuliza kama ndivyo nilivyomfunza. Akasema, "Shangazi nawe, ni utani tu." Utani wa nani? Kwetu tuna watani wetu, na mtoto niliyemlea si mmoja wao.

Pamoja na hayo, opera ile iliwaingia watu na haikuwatoka. Wengi walikuwa wamekaa nyuma, hawakusikia maneno yote, na mimi nilikuwa nayo yote kichwani. Wanawake wakaanza kuja uani kwangu mchana na ndizi zao za kumenya. "Adelgunda, tueleze tena pale alipofichwa." Nikawaeleza. Nikawaimbia pia, kwa sauti yangu hii mbovu, na walisikiliza. Mimi niliyekuwa nikipita njiani hakuna anayenitazama nikawa mtu wa kusubiriwa.

Kisha nikawauliza swali ambalo Padri hakuliandika. Yule aliye mtumbwini, nikasema, anasikia yote. Mwenzake anakufa hatua mbili tu kutoka kwake, nusu saa nzima, na yeye amelala chini ya majani. Kwa nini hatoki? Anatoka mwishoni, askari wameshaondoka, na anaimba wimbo mtamu wa kuomboleza. Wimbo wa nini? Mimi naona muuaji ni yeye, mfalme wamwache.

Wakagawanyika. Mmoja akasema angetoka angeuawa, na mwenzake angekuwa amekufa bure. Mwingine akasema afadhali kufa wawili kuliko kubaki mmoja wa namna ile. "Na mke je?" akauliza wa tatu. "Yule wa Egbert. Baada ya pazia alikwenda wapi?" Hapo tukazama. Kwa desturi, aliyebaki ndiye amtunze, maana ni mke wa ndugu yake. Sasa mwanamke amkaribishe mezani mtu aliyelala akimsikiliza mumewe akifa? Na akimkataa, ale nini? Tulibishana siku mbili mpaka ndizi zikawa nyeusi vikapuni. Nilikuwa na raha. Sikuwahi kuwa na raha kama ile tangu Elpidius afe.

Siku ya tatu akaja Renatha. Huyu alikuwa mke wa mfanyabiashara, Mlutheri kutoka Bukoba, mwanamke aliyewahi kufika Kampala na hakuna aliyeruhusiwa kusahau. Hakuja na ndizi. Alisimama, akasikiliza, akashika kiuno.

"Mnajadili nini hasa?" akasema. "Watu wazima mnahangaika na mtu ambaye hakufa, aliyemkana ndugu ambaye si ndugu yake, kwa damu ambayo ni maji ya viazi. Na Mama Bitiruti anajua vizuri, kachemsha mwenyewe. Evangelina katuambia wote."

Wakacheka. Walewale niliowaimbia. Yule aliyeuliza habari za mke alicheka mpaka kisu kikamtoka mkononi.

Ulimi hauna mfupa, na wangu siku ile haukuwa hata na mwenyewe. Nikasema, "Evangelina hakuwepo nyuma ya jiko wale vijana walipokuwa wanavaa. Maji ya bitiruti waliyamwaga. Walisema udugu ule haudhihakiwi kwa maji ya viazi mbele ya wazee, kwamba kuufanyia mchezo ni laana kubwa kuliko kuufanya kweli. Wakajichanja vidole. Niliwaona kwa macho yangu haya mawili. Ile ilikuwa damu."

Wakanyamaza wote. Wallahi nilifurahi waliponyamaza. Kisha Renatha akasema polepole, "Basi Evangelina anaolewa na kaka yake."

Nikuambie kweli, mdomo ulipofunguka sikuwa nimelifikiria hilo. Nilitaka waache kucheka. Nilitaka kile nilichokililia kiwe kitu. Lakini Renatha alipolisema niliona yote, mwanzo mpaka mwisho, na sikuogopa. Nilikumbuka yale meno. Nikasema, "Mimi nasema nilichokiona."

Maneno kama hayo hayahitaji miguu. Rwegasira alikuja kesho yake asubuhi, uso umemshuka, hata salamu akasahau. "Dada, ni kweli?" Nikamwambia ni kweli. Akakaa kwenye kigogo changu cha kupasulia kuni, akashika kichwa. Alimpenda Cassian. Lakini tangu alipowaona wale wawili wakimeza kahawa mbele ya watu, akaniambia, moyo wake haukutulia, na wazee wenzake waliondoka uwanjani wakiguna. Sikuwa nimemwambia jambo geni, nilikuwa nimeupa jina wasiwasi aliokuwa nao.

Kikao kiliitwa nyumbani kwake. Mzee Kamugisha ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo wetu, akaketi katikati. Placidius na Cassian walikaa chini, bega kwa bega. Evangelina alisimama mlangoni.

"Adelgunda," Kamugisha akaniuliza, "ilikuwa bitiruti au damu?"

Swali dogo namna hiyo. Nikamtazama Evangelina. Kama ningemwona anatetemeka, nadhani ningemhurumia. Lakini aliegemea mwimo wa mlango, na tabasamu dogo pembeni mwa mdomo, kwa sababu alijua ukweli na alidhani ukweli unatosha.

"Damu," nikasema.

Tabasamu likaondoka. "Shangazi, tulimenya pamoja. Mimi na wewe."

"Tulimenya. Na wao wakamwaga."

Cassian akainuka, akawaamkia wazee wote shikamoo mmoja mmoja, kisha akanyoosha mikono yake. "Hatukujichanja, wazee wangu. Tazameni." Wakatazama. Vidole vya fundi cherehani vimejaa matundu ya sindano, na vya Placidius, katikati ya msimu wa kahawa, vilikuwa vimechanika kila mahali. Hakuna aliyeweza kusoma kitu pale. Na nani aweke neno la msichana anayetaka kuolewa, au la mchumba wake, juu ya neno la shangazi?

Kamugisha alikuwa mtu wa haki, usimlaumu. Aliagiza kahawa iletwe, ile iliyochemshwa na majani na kukaushwa, ya kutafuna. "Jambo hili lina dawa," akasema. "Kama hamkuchanjiana, kila mmoja atafune punje moja na kumkana mwenzake mbele yetu. Aliye mkweli hatadhurika. Mkikana wote wawili, harusi ipo mwezi wa nane, na Adelgunda atatuomba radhi."

Cassian hakungoja. Aliichukua punje, akaitafuna, akasema kwa sauti, "Placidius si ndugu yangu wa damu. Sijala naye udugu." Akameza, akafungua mdomo kuwaonyesha.

Ikabaki ya Placidius. Aliishika kwenye kiganja, akaitazama, akatazama vidole vyake. Miezi minne kijana yule alikuwa anakufa kila siku nyuma ya jiko langu kwa neno lilelile aliloambiwa sasa aliseme. Alilijua tumbo lile kuliko mzee yeyote pale.

"Nilimimina bitiruti," akasema. "Namkumbuka shangazi akinipa kibuyu."

"Basi tafuna," akasema Cassian.

"Lakini vidole vyangu vilikuwa na vidonda. Vilikuwa vinatoka damu wiki nzima. Nikiishika ile punje..." Akavitazama tena vidole. "Sijui kama damu haikuingia."

Evangelina akatoka mlangoni akapiga magoti mbele yake, mbele ya wanaume wote. "Kaka, tafuna tu. Kaka yangu, nakuomba." Placidius akaanza kulia, mwanamume mzima na kifua chake. Akaupeleka mkono mdomoni mara mbili, na mara mbili ukarudi. Kisha punje ikaanguka vumbini na hakuna aliyeiokota.

Hivyo ndivyo ilivyokwisha. Mimi nilisema neno moja tu, yaliyobaki yalifanywa na woga wa Placidius. Hivyo ndivyo nilivyojiambia nikirudi nyumbani, na chakula kilishuka vizuri siku ile.

Padri Hilari alikuja mbio, kanzu imejaa vumbi. Alimwambia Rwegasira kwamba Kanisa halina kizuizi chochote, kwamba ule ulikuwa mchezo, kwamba yeye ndiye aliyeuandika. Rwegasira akamjibu kwa adabu, "Padri, wajukuu wakianza kufa si wewe utakayemtunza mama yao." Ndipo akanigeukia mimi. "Adelgunda. Sufuria ya maziwa!" Nikamwambia, "Nilichemsha, Padri. Baada ya hapo sikuwa mwenye kibuyu." Akanifukuza jikoni siku ileile, na santuri zake sikuzisikia tena.

Sasa ikawa shida ya Evangelina. Msichana ambaye karibu aolewe na kaka yake, nani atamchukua? Watu walianza kuhesabu mara ngapi wawili hao walionekana wamesimama pamoja, na kama Cassian alipomshonea gauni alimshika au hakumshika. Wenzake wa kisimani, wale aliowachekesha kwa kilio changu, wakawa wanachota maji na kuondoka akifika. Rwegasira akaona amtoe mbali na haraka. Kimuli kulikuwa na mtu anaitwa Byabato, mwenye kahawa nyingi, aliyezika wake wawili, mkubwa kuliko Rwegasira mwenyewe. Akakubali bila kuuliza sana. Inasemekana wake wale hakuwazika kwa sababu ya uzee wao.

Wiki moja kabla ya kuolewa, Evangelina alikuja kwangu asubuhi. Alikuwa amekonda. Akapiga magoti nje ya mlango kama nilivyomfunza.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

"Nilikukosea. Nilikucheka na nikakutangaza. Nimekuja kukuomba msamaha, sikuja kwa jambo lingine." Kisha machozi yakamshinda. "Naogopa yule mzee, shangazi. Nenda kwa baba. Sema ulikosea kuona. Sema macho yako mabovu, sema chochote, mimi nitakubeba mgongoni maisha yangu yote."

Nilikuwa nachambua maharagwe. Unataka kujua nilihisi nini? Nilihisi moyo unalainika, na nikauchukia kwa kulainika. Nikienda kwa Rwegasira kusema ni bitiruti, Renatha atasema nini? Nitakuwa Mama Bitiruti mpaka kaburini, na mwongo juu yake. Nikamwambia, "Mbona hucheki?"

Akainuka, akajifuta majivu ya uani kwangu magotini, akaenda.

Harusi haikuwa na ngoma nyingi. Sasa, kwetu kuna jambo moja. Bibi harusi akifikishwa kwa mume haingii mpaka kaka zake waseme, kila mmoja kwa kinywa chake, kwamba wao ni kaka zake na wanamtoa kwa moyo mweupe, na wa mwisho kusema ndiye humwingiza ndani. Rwegasira akamwita Cassian. "Kama wewe ni kaka," akamwambia, "utafanya ya kaka. Usipokuja, Byabato atasema nimempelekea mchumba wa mtu." Nilidhani Cassian atakataa. Wengine walidhani ameshatorokea Uganda. Lakini alijibu tu, "Nitakuja, mzee," na siku ilipofika alikuwa wa kwanza kwenye lori la kahawa, amevaa shati jeupe alilolishona mwenyewe, hazungumzi na mtu.

Lori lilitushusha njia panda, tukamalizia kwa miguu, jua la saa tisa likituchoma. Evangelina alifunikwa kitambaa kichwani, nami shangazi mtu nilimshika mkono njia nzima. Mkono wake ulikuwa baridi kama wa mgonjwa. Renatha alikuja pia. Hakuna aliyemwalika, lakini angekosaje.

Kwa Byabato palifagiliwa na majani mabichi yalitandazwa mpaka mlangoni. Mwenyewe alikaa kwenye kiti, fimbo katikati ya magoti, akitutazama tunavyopanga mstari. Placidius ndiye aliyeanza. Alisema kwa sauti ndogo hivi kwamba hata mbuzi hawakugeuka. "Mimi ni kaka yake, namtoa kwa moyo mweupe." Kisha akarudi nyuma, akainamisha kichwa.

Cassian akasogea mbele. Hakumtazama Byabato. Alinitazama mimi.

"Nitasema," akasema, na sauti ile ya kuimba ilijaza uwanja wote bila kuipandisha. "Lakini mimi sikuzaliwa na huyu msichana. Nimeambiwa ni dada yangu na mtu mmoja tu, na mtu huyo yupo hapa. Mbele ya mwenye nyumba, mbele ya baba yake, namwuliza mara ya mwisho. Shangazi, huyu ni dada yangu?"

Ndiyo maana alikuja. Nilielewa hapo hapo. Alijua kwamba nikisema hapana mbele ya mlango wa watu, Byabato hatamchukua, Rwegasira hataweza kumlazimisha, na wote watarudi kwenye lori lilelile. Neno moja. Hata Kamugisha alinigeukia, na nikaona usoni mwake kwamba mzee yule alikuwa ananiomba niliseme. Rwegasira naye alikuwa ananitazama, mdomo wazi. Mkono wa Evangelina ndani ya wangu polepole ukaanza kupata joto.

Nikafungua mdomo. Waitu, jamani, nilikuwa nalo neno mdomoni, nililionja. Kisha nikamwona Renatha, amesimama nyuma ya wanawake wa Kimuli, kitambaa mdomoni, mabega yameanza kutikisika kwa kicheko tayari.

"Ni dada yako, Cassian," nikasema. "Mwingize ndani."

Evangelina hakulia wala hakunitazama. Alitoa mkono wake mkononi mwangu, kidole kimoja kimoja, na kusimama peke yake.

"Mimi ni kaka yake," akasema Cassian. "Namtoa kwa moyo mweupe." Akamshika mkono, akamwingiza nyumbani kwa Byabato, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake kwa mkono wake mwenyewe.